Pikipiki ya Bei Nafuu: Jinsi ya Kununua Bila Kununua Hasara

Katika Kaunti ya Kakamega, pikipiki si chombo cha anasa. Ndiyo inayomfikisha mama mjamzito hospitalini usiku wa manane, ndiyo inayobeba maziwa, ndizi na magunia ya mahindi hadi sokoni, na ndiyo ajira ya vijana wengi kutoka Lugari hadi Butere. Kwa kuwa pikipiki mpya ni ghali kwa familia nyingi, wakazi wengi hununua iliyotumika. Wengine huuza ng'ombe, wengine huvunja akiba ya chama, na wengine hukopa sako.

Pesa kama hizo zikipotea, hazirudi kwa urahisi. Kila msimu kuna wanaonunua pikipiki ya bei nafuu wakagundua baada ya wiki mbili kwamba injini imechoka, kwamba hati si za muuzaji, au kwamba pikipiki inashinda gerejini siku nyingi kuliko inavyoshinda barabarani. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mnunuzi anaweza kuyakagua mwenyewe, namna ya kushughulika na mafundi, na pa kwenda mambo yanapoharibika.

BEI YA KUNUNUA SI GHARAMA YOTE

Kosa la kwanza ni kulinganisha bei ya kununua peke yake. Chukua mfano wa pikipiki mbili. Ya kwanza inauzwa Sh55,000. Inahitaji tairi mbili za Sh6,000, cheni na sproketi zake za Sh2,500, betri ya Sh2,500 na ukarabati wa injini wa Sh9,000. Jumla imefika Sh75,000. Ikiwa mwendeshaji hupata Sh700 kwa siku na pikipiki imekaa gerejini siku kumi, amepoteza Sh7,000 zaidi. Pikipiki ya "elfu hamsini na tano" imekuwa ya Sh82,000. Ya pili, iliyokuwa ikiuzwa Sh80,000 ikiwa katika hali nzuri, ingeanza kazi siku iyo hiyo.

Tarakimu hizi ni za mfano tu, kwani bei hutofautiana kutoka duka moja hadi jingine, lakini hesabu yenyewe haibadiliki. Mwenye Sh80,000 hapaswi kutafuta pikipiki ya Sh80,000. Ni afadhali atafute ya takriban Sh64,000 na abaki na Sh16,000 za kubadilisha oili, kurekebisha breki, kulipia bima na kugharamia uhamisho wa umiliki. Pikipiki iliyotumika karibu kila mara hudai kitu katika mwezi wa kwanza.

HATI KWANZA, PIKIPIKI BAADAYE

Wanunuzi wengi huanza kwa kusikiliza mlio wa injini. Inafaa kuanza na karatasi, kwa sababu injini mbovu hutengenezwa, lakini pikipiki ya wizi haitengenezeki.

Jambo la kwanza ni logibuku, yaani cheti cha usajili. Jina lililo kwenye cheti linapaswa kuwa la mtu anayeuza, na lilingane na kitambulisho chake cha kitaifa. Muuzaji akisema pikipiki ni ya binamu yake aliye Nairobi, mnunuzi azungumze na huyo binamu na ahakikishe yuko tayari kuhamisha umiliki. Chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, mtu ambaye jina lake limesajiliwa ndiye huchukuliwa kuwa mmiliki hadi ithibitishwe vinginevyo. Maelezo ya dalali hayabadilishi jambo hilo.

Pili, mnunuzi afanye upekuzi wa rekodi za pikipiki kupitia huduma za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA) zinazopatikana kwenye eCitizen. Kwa kutumia nambari ya usajili na kulipa ada, atapata jina la mmiliki aliyesajiliwa, aina ya pikipiki, nambari ya chesisi na nambari ya injini. Asiye na simu ya intaneti anaweza kusaidiwa katika Kituo cha Huduma au kwa wahudumu wa saiba mjini. Upekuzi ufanywe na mnunuzi mwenyewe. Karatasi ya upekuzi iliyoletwa na muuzaji isichukuliwe kuwa ushahidi, kwa maana karatasi yoyote inaweza kuchapishwa.

Tatu, nambari hizo zilinganishwe na zilizo kwenye chuma. Nambari ya chesisi hugongwa kwenye fremu, mara nyingi kwenye shingo ya usukani. Nambari ya injini hugongwa kwenye kifuniko cha chini cha injini. Mnunuzi apanguse matope na grisi kwa kitambaa, kisha asome nambari moja moja. Panapoonekana pamesuguliwa, pamechomelewa, au herufi zimepinda na hazilingani ukubwa, ni heri aache biashara hiyo hapo hapo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 322, inatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayepatikana na mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Bei ya kutupa yenyewe inaweza kuhesabiwa kuwa sababu ya kushuku.

Nne, aulize kama pikipiki ina deni. Pikipiki nyingi hununuliwa kwa mkopo, na mkopeshaji huweka jina lake kwenye usajili hadi deni liishe. Anayenunua kabla ya deni kulipwa anaweza kunyang'anywa pikipiki hata kama alilipa pesa zote kwa muuzaji. Jina la kampuni ya mikopo likionekana kwenye rekodi, mnunuzi adai barua ya kuonyesha kwamba deni limekwisha. Aidha, chini ya Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika ya mwaka wa 2017 kuna sajili ya mali zilizowekwa dhamana, na mtu anaweza kuipekua kupitia eCitizen.

Tano, kuna pikipiki za marehemu. Ikiwa mwenye jina amefariki, mtoto au mjane hana mamlaka ya kuiuza hadi apate idhini ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu. Mnunuzi anayepuuza jambo hili hujikuta katikati ya mgogoro wa familia isiyo yake.

KUKAGUA PIKIPIKI IKIWA BARIDI

Hati zikiwa sawa, ukaguzi ufanyike asubuhi, mahali penye mwanga, injini ikiwa baridi. Mnunuzi amwambie muuzaji mapema asiiwashe. Akifika, aguse injini kwa mkono. Ikiwa moto, aulize kwa nini. Injini iliyochoka husumbua kuwaka ikiwa baridi, na muuzaji mjanja huipasha moto kabla ya mgeni kufika.

Iwashwe kwa kiki, si kwa stata peke yake. Kiki ikishuka kwa ulaini kama isiyo na mzigo, mgandamizo wa silinda umepungua. Hii ina maana kwamba ringi za pistoni, silinda au valvu zimelika. Kisha moshi utazamwe:

• Moshi wa buluu unaoendelea kutoka ni dalili kwamba oili inaingia kwenye chumba cha kuchomea mafuta. Sababu huwa ni ringi, silinda au mipira ya valvu kuchoka.

• Moshi mweusi huonyesha petroli inachomwa kupita kiasi. Mara nyingi ni kabureta au chujio chafu cha hewa, na gharama yake ni ndogo.

• Moshi mweupe mwepesi unaotoweka baada ya dakika chache asubuhi ya baridi huwa ni mvuke wa maji tu.

Oili nayo ikaguliwe. Oili nyeusi ni ya kawaida kwa pikipiki ya kazi, lakini oili yenye chembe zinazometameta huonyesha chuma kinalika ndani. Oili nzito kupita kawaida yafaa kutiliwa shaka, kwa kuwa wengine hutia oili nzito ili kunyamazisha mgongano wa injini na kupunguza moshi kwa siku chache za mauzo.

Fremu ni muhimu kuliko rangi. Mnunuzi aangalie chini ya tangi, kwenye shingo ya usukani na pale shoki za nyuma zinapofungwa. Alama za kuchomelea sehemu hizo huashiria ajali au mizigo mizito. Asimame nyuma ya pikipiki na kutazama kama gurudumu la nyuma na la mbele yako katika mstari mmoja. Pikipiki iliyopinda huvuta upande mmoja, na kwenye murram yenye utelezi wakati wa mvua kasoro hiyo inaweza kuua.

Shoki za mbele zisiwe zinavuja oili. Gurudumu la mbele likiinuliwa, usukani ugeuke kulia na kushoto bila kukwama katikati. Gurudumu likitikiswa kwa pembeni lisilegee, kwani kulegea ni dalili ya beringi zilizokwisha. Cheni ivutwe kuelekea nyuma pale inapozunguka sproketi ya nyuma. Ikiachana na meno hadi nusu ya jino kuonekana, imekwisha. Meno ya sproketi yaliyochongoka na kujikunja kama ndoana yanasema hivyo hivyo.

Tairi huwa na alama ya tarakimu nne kwenye ubavu. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi yenye 2319 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi yaweza kuwa na meno marefu lakini mpira wake umekauka na kupasuka kwa uzee.

Mwisho ni majaribio. Mwendeshaji mwenye leseni aiendeshe kwa gia zote, mwendo wa pole na wa kasi ya kawaida, na kwenye mlima. Gia isiruke yenyewe. Klachi ikiachiliwa, pikipiki ivute. Injini ikipiga kelele bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Breki zote mbili zijaribiwe, moja moja. Wakati wa kurudi, mnunuzi atazame ardhi mahali pikipiki ilipokuwa imesimama kama pana tone la oili.

Mita ya kilomita isitegemewe sana. Mita hubadilishwa na hukatika. Sehemu za kukanyagia miguu, mpira wa kiki na kiti hutoa ushahidi bora zaidi. Pikipiki inayosemekana "ilikuwa ya mwalimu, haijawahi kubeba abiria," ilhali kiti cha nyuma kimebonyea na vikanyagio vya abiria vimelika hadi chuma, imejieleza yenyewe.

Asiyejua pikipiki aende na fundi anayemlipa yeye, hata kama ni mia chache. Fundi aliyeletwa na muuzaji au dalali anamtumikia aliyemleta.

MALIPO, MKATABA NA UHAMISHO

Biashara ya pikipiki isifanywe kwa maneno matupu. Mkataba mfupi unatosha. Uwe na majina na nambari za vitambulisho vya pande zote mbili, nambari ya usajili, ya chesisi na ya injini, bei, kiasi kilicholipwa, tarehe na saa ya kukabidhiana, na saini za mashahidi. Saa ni muhimu, kwa maana pikipiki ikipata ajali jioni ya siku ya mauzo, lazima ijulikane ilikuwa mikononi mwa nani. Malipo kupitia benki au M-Pesa huacha alama, lakini fedha taslimu hazina ushahidi ila karatasi.

Muuzaji ndiye huanzisha uhamisho wa umiliki kupitia akaunti yake ya eCitizen, na mnunuzi huuthibitisha kupitia yake. Wote wawili huhitaji PIN ya KRA. Ni vyema jambo hili lifanywe wakiwa wamekaa pamoja, na sehemu ya pesa ibaki hadi lianze. Ahadi ya "nitakufanyia transifa wiki ijayo" imewaacha wengi na pikipiki wasiyoweza kuiuza, kwa sababu muuzaji alihama au alibadilisha nambari ya simu.

Sheria ya Trafiki hairuhusu pikipiki iliyouzwa kutumika barabarani kwa zaidi ya siku 14 kabla mmiliki mpya hajasajiliwa. Sharti hili humlinda muuzaji pia. Asipohamisha, ajali au uhalifu utakaofanywa kwa pikipiki hiyo utaanza kutafutwa kwake, hata kama aliiuza miaka miwili iliyopita. Bima ya mtu wa tatu nayo ni ya lazima chini ya Sura ya 405, na mnunuzi aikate kwa jina lake kabla ya kuingia barabarani.

FUNDI: KWA NINI KAZI HUCHELEWA NA KUHARIBIKA

Pikipiki iliyotumika na fundi ni majirani. Wapo mafundi wengi wa juakali walio hodari na waaminifu, na bila wao usafiri wa kaunti ungesimama. Hata hivyo malalamiko ni yale yale: kazi ya siku moja huchukua wiki, tatizo moja likitengenezwa mawili huzaliwa, na kipuri kipya kinageuka kuwa cha zamani.

Si kila kuchelewa ni wizi. Mafundi wengi hufanya kazi bila mtaji. Pesa alizoacha mteja wa Jumatatu hununua kipuri cha mteja wa Jumamosi aliyekuja kupiga kelele, na mteja wa Jumatatu husubiri malipo ya mwingine. Wengine hawana vifaa maalum vya kufungulia sehemu fulani, hivyo hutumia nyundo na patasi, na kuharibu nati au kupasua kifuniko. Wateja nao huchangia. Huleta pikipiki ikiwa imekufa kabisa, hutaka itoke jioni hiyo hiyo, na huchagua kipuri cha bei ya chini zaidi dukani.

Kuelewa hayo kunasaidia kujikinga. Kwanza, mteja asiache pesa za kipuri kwa fundi asiyemjua. Aende naye dukani, au fundi aandike jina na kipimo cha kipuri, mteja akinunue mwenyewe na kuhifadhi risiti. Fundi alipwe ufundi wake, na sehemu kubwa ilipwe baada ya majaribio. Pili, achague fundi kwa kutazama gereji yake. Pikipiki zilizofunguliwa na kuachwa kwa wiki nyingi kwenye vumbi ni dalili mbaya. Fundi anayepanga nati za kila mteja kwenye mkebe wake na kusafisha sehemu kabla ya kufungua hufanya kazi ya kuaminika. Waendeshaji wa stejini husema ukweli kuhusu mafundi, kwa kuwa pikipiki ikilala, chakula nacho hulala.

MAKADIRIO KABLA YA SPANA

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 ina sehemu maalum kuhusu matengenezo ya magari na bidhaa nyingine. Msingi wake ni kwamba fundi ampe mteja makadirio ya gharama kabla ya kazi, na asifanye kazi ambayo mteja hakuiidhinisha. Sheria hiyo pia inatambua haki ya mteja kurudishiwa sehemu zilizotolewa. Katiba, katika Kifungu cha 46, inampa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na fidia anapopata hasara kutokana na kasoro.

Kutumia haki hizo hakuhitaji ugomvi. Inatosha mteja kusema kwa heshima: "Fundi, niandikie kwanza vipuri na bei ya kazi. Ukikuta kingine kibovu, nipigie simu kabla ya kukigusa. Na za zamani niwekee nitazichukua." Fundi mzuri hatakasirika, kwa sababu maandishi humlinda yeye pia dhidi ya mteja anayekana mapatano. Sehemu ya zamani mkononi ndiyo ushahidi kwamba mpya iliwekwa. Kabla ya kuiacha pikipiki, mteja aipige picha kwa simu, hasa betri, tairi, kabureta na vioo, na aandike kiwango cha petroli.

Kuna kazi chache zinazofaa kuangaliwa kwa makini zaidi:

• Kubadilisha oili. Katika pikipiki nyingi za hapa, klachi huogelea katika oili ile ile ya injini. Oili ya gari iliyotengenezwa kupunguza msuguano inaweza kufanya klachi iteleze. Itumike oili ya pikipiki ya kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji, na mkebe ufunguliwe mbele ya mteja.

• Kufungua injini yote. Fundi akisema injini lazima ifunguliwe, aulizwe amepima nini. Kukosa nguvu kunaweza kutokana na plagi, chujio la hewa, kabureta, valvu zisizopimwa au hata breki inayoshika. Sababu za bei ndogo ziondolewe kwanza.

• Pistoni na ringi mpya. Ringi mpya ndani ya silinda iliyolika hazitadumu. Silinda ipimwe, na ikihitajika ichongwe kwa mashine na kuwekewa pistoni ya kipimo kikubwa zaidi. Baada ya hapo pikipiki iendeshwe polepole bila mizigo mizito kwa kilomita mia kadhaa za mwanzo, na oili ibadilishwe mapema.

• Breki na magurudumu. Mteja asiondoke kabla ya kuona nati za ekseli zimekazwa na pini zimerudishwa, na kabla ya kujaribu breki mahali salama. Kosa hapa halileti hasara ya pesa tu.

Vipuri bandia ni tatizo jingine. Cheni, plagi na pedi za breki zinazouzwa kwa bei ya ajabu huchakaa upesi au hushindwa kabisa. Mteja anunue katika duka lenye anwani, adai risiti, na atazame alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS). Anayeshuku kuuziwa bidhaa ghushi anaweza kuripoti kwa Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi.

Waswahili wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shilingi ishirini linatosha kuandika tarehe, kilomita, kazi iliyofanywa, jina la fundi, kipuri na bei. Baada ya miezi sita, mwenye pikipiki ataona mwenyewe kipi kinaharibika mara kwa mara na fundi yupi kazi yake inadumu. Daftari hilo pia huongeza thamani siku ya kuuza.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Fundi akiharibu kazi, hatua ya kwanza ni kumrudia mapema, kwa utulivu, na kumpa nafasi ya kurekebisha. Mteja asipeleke pikipiki kwa fundi wa pili kabla ya hapo, kwa sababu wa kwanza atasema uharibifu ulifanywa na mwingine. Ikishindikana, fundi wa pili aandike alichokikuta, na picha zipigwe.

Viongozi wa steji, chama cha mafundi au ofisi ya msimamizi wa wadi wanaweza kusikiliza pande zote mbili, na migogoro mingi huishia hapo. Biashara ya haki na utoaji wa leseni za biashara ni miongoni mwa majukumu ambayo Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti, kwa hivyo malalamiko dhidi ya gereji au duka yanaweza kuwasilishwa katika idara ya kaunti inayohusika na biashara.

Pale pesa zinapodaiwa, ipo Mahakama ya Madai Madogo iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka wa 2016. Husikiliza madai ya hadi Sh1,000,000, yakiwemo ya mauzo ya bidhaa na huduma, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Mlalamishi anaweza kujitetea mwenyewe bila wakili. Mkataba, risiti, ujumbe wa M-Pesa, makadirio na picha ndivyo vitakavyozungumza kwa niaba yake.

Ikiwa fundi ametoweka na pikipiki, au muuzaji alitumia hati bandia, hilo ni jinai. Mhusika aende kituo cha polisi mara moja na apewe nambari ya OB. Aliyegundua amenunua pikipiki ya wizi asijaribu kuiuza kwa mwingine ili kuokoa pesa zake. Kufanya hivyo humgeuza kutoka aliyetapeliwa hadi mtuhumiwa.

KWA MAFUNDI NA VIJANA WANAOJIFUNZA

Vyuo vya ufundi vya kaunti viko chini ya serikali za kaunti, na ufundi wa magari na pikipiki ni ujuzi unaoweza kujengwa huko. Fundi aliyejifunzia kazini bila cheti anaweza kufanya mtihani wa ufundi unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA), unaoanzia Gredi ya Tatu hadi ya Kwanza. Cheti, kitabu cha risiti na tabia ya kurudisha vipuri vya zamani huvuta wateja kuliko bei ya chini. Mafundi wanaojiunga katika chama cha ushirika wanaweza kununua vifaa maalum kwa pamoja na kuacha kutegemea pesa za mteja mmoja kumalizia kazi ya mwingine.

KWA UFUPI

Kabla ya kutoa pesa, mnunuzi ajiulize maswali haya:

1. Je, jina kwenye rekodi za NTSA ni la anayeuza, na upekuzi nimeufanya mwenyewe?
2. Je, nambari za chesisi na injini zinalingana na cheti?
3. Je, deni limekwisha, au mwenye jina yu hai na amekubali?
4. Je, nimeiona ikiwashwa ikiwa baridi na kuendeshwa kwa gia zote?
5. Je, nimebakiza pesa za matengenezo, bima na uhamisho?
6. Je, mkataba umeandikwa saa, na mashahidi wametia saini?

Jibu moja likiwa "hapana," pikipiki hiyo inaweza kusubiri hadi kesho. Muuzaji mwaminifu atakubali kungoja siku moja. Anayesema kuna mteja mwingine njiani na lazima pesa zitoke sasa hivi, aachiwe amuuzie huyo mteja mwingine.